Barabara Niliyoifuta

Nekesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Westlands kuagana na wenzako, na umeniachia begi wazi pale mlangoni, kama kawaida yako. Sitakuambia namna ya kulipanga. Sitakuambia uchemshe maji wala upige simu ukifika. Wewe ni injinia, unajua maji yanavyochemka. Nimekaa hapa mezani jikoni na hasira yangu, na nimeamua kuiandika kabla hujarudi, kwa sababu ukirudi utanikumbatia, utaniita mathe wa nguvu, nami nitanyamaza tena. Nimenyamaza vya kutosha.

Usianze kujiuliza umekosa nini. Hujakosa. Hasira hii ilianza siku ile uliporudi kutoka kwa intaviu ukirukaruka hapa jikoni na viatu vyako vya kuazima. "Mum, wamenichukua! Niko kwa timu ya Lokirdei. Tunaenda kupima upya kama sola na betri zinaweza kushindana na jenereta ya dizeli." Nikapiga vigelegele, majirani wa Woodley nzima wakasikia. Kisha ukaongeza, "Nikawaambia mamangu ndiye alipima mara ya kwanza. Nikawatolea ile ripoti yako. Aki Mum, waliinua macho wote!"

Nilikuwa nakata sukuma wiki. Niliikata mpaka ikawa unga.

Ukadhani naogopa kwamba majibu yako yataniaibisha. Ukanipigapiga begani ukasema, "Hata tukipata majibu tofauti, si ati ulikosea. Wakati huo sola ilikuwa bado bei ghali. Teknolojia ilikuwa haijakomaa." Ulisema kwa upendo. Lakini nataka ujue kwamba maneno hayo si yako. Ni maneno ya ofisini kwetu, nimeyasikia mara nyingi, na kila nikiyasikia natamani kutupa kikombe ukutani. Si kweli kwamba sola ilishindwa wakati huo. Ilishinda. Mimi ndiye niliyeifanya ionekane imeshindwa.

Soma tena sentensi hiyo ukitaka. Sitaifuta.

Unajua kazi yangu kwa jina tu, kwamba mama anafanya kazi Upper Hill, mama ni mtu wa hesabu za stima. Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Serikali, kabla haijaondoa jenereta mahali na kuweka sola, huuliza swali moja: hii teknolojia safi inaweza kusimama sokoni kwa miguu yake yenyewe, au bado ni ya kubebwa mgongoni? Kitengo chetu kidogo ndicho kilichotakiwa kujibu. Unaweka upande huu kila kitu kinachotumika kupata stima kwa dizeli, na upande ule kila kitu kinachotumika kuipata kwa jua. Halafu unalinganisha. Neno ni "kila kitu". Ukiacha kitu kimoja nje, hujalinganisha, umechagua.

Mambo hayo sikujifunza chuoni. Nilijifunza kwa kukhu wako, mama yangu mzazi, ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Kule nyumbani Bungoma, mafuta ya taa yalikuwa nafuu sokoni, lakini soko lilikuwa mbali, ukienda na kurudi siku ya jembe imeisha. Yeye alinunua kwa duka la jirani, pale bei ilipokuwa juu. Siku moja nikajifanya mjuaji, nimetoka kufundishwa hesabu shuleni, nikamwambia, "Mama, unaibiwa." Akaendelea kujaza koroboi polepole asimwage hata tone. Akaniuliza, "Na miguu yangu, hiyo nani ataihesabu?"

Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mamangu, nikafunzwa vizuri, na bado nikaenda Upper Hill, ghorofa ya sita, nikasahau miguu. Hapana, hata hapa nataka kujipendelea. Sikusahau. Niliikumbuka, nikaiandika, halafu nikaitoa.

Ulikuwa kidato cha pili. Tulipewa vituo kadhaa vya kaskazini vinavyotumia jenereta, Lokirdei kikiwemo. Mimi ndiye niliyeongoza hesabu. Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa na jedwali la dizeli, na ndani yake mstari mmoja unaoitwa usafiri: lori kutoka Nairobi, siku zake njiani, magurudumu yanayopasuka, dereva na utingo wake, mafuta yanayomwagika na yale yanayoibwa, na wiki ambazo mvua hukata barabara, lori likalala kwenye matope nao wanakijiji wakalala gizani. Niliupenda mstari huo. Niliufanyia kazi kweli kweli. Niliwapigia madereva simu mmoja mmoja, nao walifurahi ajabu kwamba kuna mtu ofisini anayetaka kujua. Ukiweka mstari ule, sola na betri zilishinda dizeli wazi wazi. Ukiutoa, ukachukua bei ya dizeli ilivyo hapa bohari, Industrial Area, dizeli inashinda.

Mkubwa wangu aliniita. Sitamtaja, amestaafu, analima parachichi, na analala usingizi mzuri kuliko mimi.

"Madam," akaniambia, "hii laini ya lori inatuletea shida."

"Shida gani, sir?"

"Usafiri si kazi yetu. Lori ziko kwa bajeti ya idara ingine kabisa. Sisi ni watu wa stima. Tukiweka vitu za wenyewe kwa ripoti yetu, watatuuliza."

"Lakini dizeli haitembei yenyewe."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, hakuwa na ubaya usoni. "Madam, mimi najua wewe ni mtu wa kuelewa. Toa hiyo laini tu. Ile ingine yote iko sawa."

Hebu fikiria ujinga huo. Mafuta ni yetu, jenereta ni yetu, lakini barabara ni ya idara nyingine, basi kwenye ripoti yetu dizeli inaruka kutoka Nairobi na kutua Lokirdei kama malaika. Na mimi, binti ya mwanamke aliyehesabu miguu yake, nikasema, "Sawa, sir."

Kuna desturi moja ambayo utaikuta huko uendako. Ripoti ikikamilika, kila aliyeshiriki hutia sahihi fupi chini ya kila ukurasa, ili mtu asije baadaye akachomoa ukurasa na kuchomeka mwingine. Ni desturi nzuri. Ripoti yetu ilikuwa imeshatiwa sahihi yote. Kwa hiyo ukurasa wa kumi na saba ulipobadilishwa, ilibidi mpya uje kwetu peke yake. Uliletwa kwenye faili safi, karatasi moja tu, na kalamu juu yake. Hakuna aliyenishika mkono. Wenzangu wawili walikuwa wameshaweka zao. Nikaweka yangu.

Sasa utatafuta sababu, maana wewe ni mtoto mwema na unanipenda. Utasema walikutishia kazi. Hawakunitishia. Utasema kulikuwa na karo yangu. Ilikuwepo, lakini usiibebe, haikuwa hiyo. Utauliza kama nilihongwa. Wacha! Ningehongwa ningekuwa angalau na kisingizio. Hawakunipa hata soda. Nilitia sahihi kwa sababu nilipenda kuitwa mtu wa kuelewa. Ofisi ile ilikuwa na wanawake wawili. Mwenzangu alibishana na kila mtu, wakamwita Bi Matata, hawakumwita kwenye mikutano. Mimi nilikuwa Madam hana shida. Nilikuwa nahifadhi jina hilo kama sahani za wageni.

Ripoti ikazinduliwa kwenye hoteli moja Westlands. Nakumbuka vyema kwa sababu katikati ya chakula stima ilipotea. Kufumba na kufumbua, jenereta ya chini ikanguruma, taa zikarudi. Hakuna aliyeacha kutafuna. Hata mimi sikuacha kutafuna, Nekesa. Mkubwa alikuwa amesimama mbele akisoma hitimisho, kwamba sola na betri hazijafikia kiwango cha kushindana kibiashara katika vituo hivyo, akangoja sekunde mbili giza lipite, akaendelea pale pale alipokuwa ameachia. Tukapiga makofi. Nikakuletea keki kwenye tishu, ukaila ukiwa na yunifomu, ukaniambia una raha mamako ameandika kitabu cha serikali. Ukaiweka nakala kwenye rafu yako. Iko pale hadi leo. Kila nikifagia chumba chako naiona.

Miezi mingi baadaye nikatumwa Lokirdei kukagua jenereta. Tulipelekwa kwa ndege ndogo, tukatua, tukachukuliwa kwa gari, maana wanaopima barabara hawaipiti. Jenereta ilikuwa kimya. Mvua ilikuwa imekata njia na lori halikuwa limefika. Nikaenda kituo cha afya kusalimia tu. Pale palikuwa na muuguzi mmoja, mama mnene wa makamo, watu walimwita Sista. Akanionyesha friji ya chanjo. Ndani alikuwa amepanga faili za wagonjwa na sukari yake. "Kabati nzuri sana," akasema. "Panya hawaingii."

Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia kitengo changu. Uso wake ukabadilika.

"Ni nyinyi mlipima hapa?"

"Ndiyo, Sista."

"Mlipimia wapi?"

Nikasema Nairobi. Upper Hill. Akatikisa kichwa polepole, akanishika mkono kama mtoto, akanitoa nje. Kulikuwa na mwanamume amekaa kwenye kivuli cha duka, amevaa kofia, hafanyi lolote. Sista akaniambia kwamba mke wa yule alijifungulia pale wakati dizeli ilikuwa imeisha. Damu haikukatika. Sista alimtafuta mshipa kwa tochi ya simu, na simu nayo ilikuwa na chaji kidogo, na mahali pa kuichaji ndiyo hapo hapo kwenye jenereta. Mtoto alipona. Mama hakupona.

"Yule ndiye mumewe," akasema Sista. "Hajui kusoma. Nenda umsomee kwamba sola ni ghali."

Sikwenda. Ningesema miguu iligoma, lakini haikugoma, ilikwenda vizuri tu, mpaka kwenye gari. Nikafunga mlango. Nikamwambia dereva twende. Mpaka leo sijui jina la yule mtu. Sista angeniambia kama ningeuliza.

Niliporudi niliandika barua ya kurasa mbili kwa mkubwa, nikieleza kwamba mstari uliotolewa urudishwe na kwamba hitimisho letu si la kweli. Niliandika vizuri, kwa hasira kama hii ya leo. Nikaiweka kwenye droo nikisema nitaipeleka Jumatatu. Jumatatu kukawa na mkutano. Unajua Jumatatu ngapi zimepita? Wewe umemaliza kidato cha nne, ukamaliza chuo, ukawa injinia, na barua bado iko Jumatatu. Funika kombe mwanaharamu apite, wenyewe husema. Nimefunika kombe, mwanaharamu hajapita, amekaa sebuleni kwangu miaka yote anakunywa chai.

Kisha unakuja wewe na habari njema. Serikali inarudia tathmini. Bei za sola zimeshuka, kila mtu anasema sasa wakati umefika. Nawasikia pale ofisini, vijana wenye kompyuta nzuri, wanasema ripoti ya kwanza ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Kwa wakati wake! Kana kwamba wakati ndio uliotoa ule mstari. Kana kwamba jua la Lokirdei lilikuwa halijawaka vizuri likangoja tukue. Hicho ndicho kinachonichoma, Nekesa, kwamba uongo wangu umezeeka ukapata heshima. Umekuwa historia. Na binti yangu mwenyewe ameubeba mikononi, akaingia nao kwenye intaviu, akapata kazi.

Sikulaumu hata chembe. Mimi ndiye niliyekuacha uubebe. Ningeweza kukuambia kila siku uliyoifuta vumbi ile ripoti.

Nilitaka kukuandikia mashauri. Nimejaribu hapa chini mara mbili nikakata, utaona michoro. Kila nikianza "usikubali", naona mkono wangu mwenyewe ukichukua ile kalamu. Nitakuambia tu nilichokiona. Siku yako itakapokuja haitakuja na mtu mbaya. Itakuja na mtu anayecheka, anayekuheshimu, anayekuambia ile ingine yote iko sawa. Na pengine yote mengine yatakuwa sawa kweli, kurasa mia moja za kweli. Wakikuita Bi Matata, itauma, sitakudanganya. Yule mwenzangu ilimuuma, nilimwona akilia chooni mara moja, nikamletea tishu na kurudi upande wa wenye kuelewa. Lakini yeye akienda Lokirdei leo anaweza kukaa na yule mwanamume kivulini akanywa chai.

Haya, sikiliza. Mzigo wangu sikubebeshi. Ukurasa wa kumi na saba wa kwanza, ule wenye mstari wa lori, sikuutupa. Nilitakiwa kuupitisha kwenye mashine ya kukatakata karatasi, nikaukunja nikauweka kwenye Biblia, kwa kuwa nilijua hata wakati huo ninachofanya. Nimeutoa leo. Kesho ukishapanda basi, mimi nitapanda Upper Hill, nitaupeleka kwa kiongozi wa timu yenu pamoja na ile barua ya kurasa mbili, na jina langu chini, lote, si sahihi fupi. Nimebakisha mwaka mmoja kustaafu. Wanaweza kunipeleka mbele ya kamati. Wanaweza kuishika pensheni. Nimeshaogopa, nimemaliza. Mficha uchi hazai, nami nilishazaa, nina mtoto anayeniangalia.

Wewe nimekuwekea fotokopi, iko chini ya lile sweta ulilonunua soko la Toi. Isome ukiwa njiani. Nimekuomba usipande ndege pamoja na timu, nikakudanganya ati naogopa ndege ndogo. Samahani, huo ndio uongo wa mwisho. Nilitaka upite barabarani. Kesho na kesho kutwa utakuwa juu yake, mgongo utauma, vumbi litakuingia mpaka kwenye meno, na kila saa itakayopita ujue hiyo ndiyo saa ambayo mamako alisema haipo. Uihesabu yote.

Watakuuliza tena kama unanijua, hata kama wewe mwenyewe ulishawaambia. Sema ndiyo, ni mamangu. Halafu kaa kimya. Najua mdomo wako, na najua utataka kusema mama alilazimishwa, mama alikuwa peke yake, mama aliniletea keki. Nisaidie kwa jambo moja tu katika maisha yetu haya: usinitetee.

Na yule mwanamume wa kofia, kama bado yupo, usimwendee kwa niaba yangu. Usimpelekee pole zangu wala shilingi. Muulize Sista jina lake, unitumie, basi. Yule mtoto sasa ni mkubwa wa kwenda shule. Likizo yangu ni Agosti. Nitakuja mwenyewe nikae naye pale kivulini, nimweleze nilichofanya kwa lugha atakayoielewa, naye aseme atakalosema. Sitakuja kwa ndege.

Nasikia lango. Umerudi mapema, na unaimba. Ngoja niufunge huu waraka niutie kwenye begi kabla hujaniita mathe wa nguvu.

Mimi mamako, Rael, niliyetia sahihi.